Naweza kuweka kompaila mpya kwenye CentOS 6?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Natunza seva moja ya kiwandani inayotumia mfumo wa Linux uitwao CentOS 6. Ina kadi inayosoma mizani ya malori, na draiva ya kadi hiyo tulipewa ikiwa imeshakompailiwa kwa keneli 2.6.32. Msimbo wake hatuna, na waliotuuzia hawapatikani tena. Programu yetu ya kupokea mzigo ni ya C++, na kijana wetu ameiandika upya kwa C++17. Niliikompaili kwenye laptop yangu yenye Ubuntu 22.04, nikaihamishia kwenye seva, ikagoma: version `GLIBC_2.34' not found. Nikachukua libc ya laptop, nikaielekezea libc.so.6 ya seva. Hapo hata ls ikafa, tukalala kiwandani. Sasa mmoja ananiambia nipandishe glibc kwa utaratibu, mwingine anasema kompaila mpya ya GCC haiwezi kukaa kwenye mfumo wa mwaka 2011, mwingine nitupe seva yote. Nishike lipi?"*

Ndugu yangu, pole kwa usiku ule. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na naona kinachokutisha ni hiki: draiva haikubali mfumo mpya, msimbo haukubali mfumo wa zamani, na wewe umebanwa katikati ukidhani lazima kimoja kivunjike. Hakuna kinacholazimika kuvunjika. GCC ya kisasa inakaa vizuri kwenye CentOS 6, C++17, yaani kanuni ya lugha ya C++ ya mwaka 2017, itakompailika, na draiva yako haitaguswa. Kuna kitu kimoja tu ambacho nakuomba usikiguse tena, nacho ni glibc, maktaba ya C ya mfumo wenyewe.

Nianze na huyo aliyekuambia GCC mpya haiwezi kukaa pale. Kompaila ni programu kama nyingine: inasoma faili la maandishi, inaandika faili jingine. Keneli, yaani kiini cha mfumo, hata ikiwa ni 2.6.32 inajua kufungua mafaili na kugawa kumbukumbu, na GCC haiombi makubwa zaidi ya hayo. Nahisi rafiki yako aliwahi kuchukua GCC iliyokompailiwa kwenye mfumo mpya, akaihamishia kwenye wa zamani, ikamgomea kama ilivyokugomea wewe. GCC hiyohiyo ukiijenga juu ya CentOS 6 yenyewe inaanza bila neno.

Kilichokugomea ni maktaba iliyo chini ya kila kitu. Kuanzia ls inayoorodhesha mafaili hadi sshd inayopokea wanaoingia kutoka mbali, karibu kila programu kwenye seva yako huikopa glibc inapoanza. CentOS 6 ilitoka na glibc 2.12 na ikabaki nayo hadi ilipoachwa rasmi tarehe 30 Novemba 2020. Laptop yako yenye Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35. Ukielewa kilicho kati ya namba hizo mbili, mengine yote yatakuwa mepesi.

Ndani ya glibc kila funksheni ina jina pamoja na muhuri wa toleo. Chukua memcpy, inayonakili baiti kutoka sehemu moja ya kumbukumbu kwenda nyingine. Kanuni ya C inasema sehemu hizo mbili zisiingiliane. Programu nyingi ziliivunja kanuni hiyo kwa miaka bila kudhurika, kwa kuwa nakala ilikuwa ikienda kutoka mwanzo kwenda mwisho. Kisha glibc, ili kuongeza kasi kwenye baadhi ya prosesa, ikaanza kunakili kinyumenyume, na mwaka 2010 watumiaji wa Fedora 14 wakasikia sauti ya Flash ikikwaruza. Katika toleo la 2.14 watunzaji wa glibc wakaziweka memcpy mbili pamoja: yenye muhuri GLIBC_2.2.5 inayoivumilia ile tabia ya zamani, na mpya yenye muhuri GLIBC_2.14. Programu iliyokompailiwa zamani hupewa ya zamani. Inayokompailiwa leo hugongwa muhuri wa ile mpya.

Anayegonga muhuri ni linka. Inapounganisha programu yako, inachukua muhuri wa kawaida wa mashine iliyopo mbele yake, ambao ndio mpya kuliko yote. Haiulizi programu hii itakwenda kuishi wapi. Na mwezi Agosti 2021, katika glibc 2.34, maktaba ya nyuzi, libpthread, iliingizwa ndani ya libc, na ile funksheni inayoanzisha kila programu kabla ya main, yaani __libc_start_main, ikapata muhuri mpya GLIBC_2.34. Maana yake hata programu ya mistari mitatu inayoandika "Habari" na kuondoka, ukiikompaili kwenye Ubuntu 22.04, itadai 2.34. Kijana wako hakukosea chochote. Usimwambie apunguze C++17 yake, haihusiki.

Jionee mwenyewe. Kwenye laptop andika `objdump -T mizani | grep GLIBC_`, ukiweka jina la programu yako badala ya mizani. Utaona safu ya mihuri, na ule wa juu kabisa ndio unaoamua programu itaanza wapi na itagoma wapi. Ikikompailiwa chini, inapanda: programu ya CentOS 6 bado inaanza kwenye mifumo ya leo. Ikikompailiwa juu, haishuki.

Sasa tuje kwa yule anayesema upandishe glibc kwa utaratibu. Huo utaratibu haupo kwako. Tangu glibc 2.26, keneli ya chini kabisa inayokubalika ni 3.2, na wewe umefungwa na draiva kwenye 2.6.32. Hicho ndicho kilichoiua ls usiku ule. Libc ya Ubuntu imebeba alama ndani yake inayosema inahitaji keneli 3.2 au zaidi. Kipakiaji cha zamani, ld-linux, kiliisoma alama hiyo, kikaitazama keneli yako, kikaikataa libc, na baada ya hapo hakukuwa na libc nyingine ya kushika. Hata alama hiyo isingekuwepo, ld-linux na libc huzaliwa pamoja katika toleo moja na hupeana siri ambazo toleo jingine halizijui. Na kama umefikiria kukompaili kwa `-static` kwenye laptop ili kukwepa yote haya, utapata programu inayoanza na kufa papo hapo kwa maneno FATAL: kernel too old, kwa sababu glibc ya 2.35 itakuwa imeingia nayo ndani.

Kabla sijaendelea, weka hili akilini kwa siku utakayomkuta mtu mwingine kwenye shimo lile. Kama dirisha la root, yaani la msimamizi mkuu wa mfumo, bado liko wazi, usilifunge. Ndani ya /sbin kuna programu ndogo iitwayo sln. Kazi yake ni kutengeneza kiungo, kama ln, ila haitegemei maktaba yoyote. Iliwekwa kwa ajili ya balaa la aina hii. Andika `/sbin/sln /lib64/libc-2.12.so /lib64/libc.so.6` na ls itarudi. Nimeshaona mtu akiizima seva kwa hasira pale ambapo amri hiyo moja ingetosha.

Turudi kwenye kazi. Kwa kuwa mihuri inatoka kwenye mashine unayokompailia, dawa ni kukileta kompaila kipya chini, kikae juu ya glibc 2.12, kisha ukompaili hapo. Njia fupi kuliko zote imeshatengenezwa na Red Hat: vifurushi vinavyoitwa devtoolset. Vinaweka GCC mpya ndani ya /opt, kando kabisa na GCC 4.4.7 ya mfumo, na unaiita kwa `scl enable devtoolset-8 bash`. Ukitoka kwenye dirisha hilo, mfumo ni uleule wa jana. GCC 8 iliyomo inaijua C++17 karibu yote, isipokuwa vipande vichache: std::filesystem itakudai uongeze `-lstdc++fs`, na std::from_chars ya namba zenye desimali ilikuja baadaye sana, kwenye GCC 11. Muulize kijana ametumia nini.

Uzuri wa devtoolset uko kwenye libstdc++, maktaba ya pili unayopaswa kuijua. Hii ni ya C++, inakuja na GCC yenyewe, na ina mihuri yake inayoanza na GLIBCXX. Ya CentOS 6 inaishia GLIBCXX_3.4.13. Devtoolset haiibadilishi, vitu vipya ambavyo maktaba ya mfumo haina, inavipachika ndani ya programu yako wakati wa kuunganisha, na vya zamani inavichukua palepale vilipo. Kwa hiyo programu unayopata inaanza kwenye CentOS 6 yoyote, hata ile ambayo haijawahi kuwekewa devtoolset.

Kikwazo utakachokutana nacho ni yum, chombo cha kupakua na kusimika vifurushi. Hazina za CentOS 6 zilihamishiwa vault.centos.org, na anwani zilizomo kwenye mafaili ya /etc/yum.repos.d zinaelekea pasipo na mtu. Zibadilishe zielekee vault, au pakua vifurushi kwenye laptop, uvilete kwa flashi, na uvikague kwa `rpm -K` kabla ya kuvisimika. Usichukue vifurushi vya CentOS 6 kwenye tovuti usiyoijua eti kwa sababu kiungo cha kwanza ulichobofya kilifanya kazi haraka.

Njia ya pili ni kuijenga GCC mwenyewe, na utaihitaji kama GCC 8 haikutoshi. Hapa kuna ngazi ambazo hazirukwi. GCC imeandikwa kwa C++, na kila baada ya miaka kadhaa inadai kompaila iliyo mpya zaidi ili ijengwe. GCC 10 bado inajengeka kwa kompaila ya C++98, kwa hiyo GCC 4.4.7 uliyonayo inaiweza. Kuanzia GCC 11 inadaiwa C++11, yaani angalau GCC 4.8, na GCC 15 imepanda hadi C++14. Unapanda hivi: 4.4.7 inajenga 10, na 10 inajenga yoyote kati ya zilizofuata. Ukijaribu kuruka kutoka 4.4.7 hadi 14 utapokea kurasa za makosa ambayo hayasemi tatizo ni nini hasa.

Jenga binutils mpya kwanza, yaani kifurushi chenye asembla na linka, kwa sababu asembla ya CentOS 6 haizijui amri nyingi ambazo GCC mpya huziandikia prosesa za sasa, na itakuambia no such instruction. Kisha ingia kwenye folda ya msimbo wa GCC, endesha `contrib/download_prerequisites` ili ilete GMP, MPFR na MPC, maktaba za hesabu ambazo GCC inazihitaji, halafu utoke na ujengee kwenye folda nyingine tupu. Mimi hutumia `--prefix=/opt/gcc-10 --enable-languages=c,c++ --disable-multilib --disable-libsanitizer`. Hiyo ya mwisho naiweka makusudi: libsanitizer, maktaba ya kunasa makosa ya kumbukumbu, inachungulia ndani ya keneli na glibc kuliko sehemu nyingine zote, na kwenye mifumo ya zamani mara nyingi ndiyo ya kwanza kukwamisha ujenzi. Kazi itachukua saa kadhaa na gigabaiti kadhaa za diski. Usiifanyie kwenye seva ya mizani wakati malori yamepanga foleni.

Utashangaa kuona GCC inajijenga mara tatu. Kompaila ya zamani inajenga ya kwanza, ya kwanza inajenga ya pili, ya pili inajenga ya tatu, kisha mafaili ya pili na ya tatu yanalinganishwa baiti kwa baiti. Usikate sehemu hiyo ili kuokoa muda. Kama GCC 4.4.7 ina hitilafu iliyoipotosha ile ya kwanza, mara nyingi ulinganisho huo ndio utakaokuonyesha, na utaijua ukiwa mezani kabla uzito wa lori la mtu haujakosewa.

Ukishakuwa na GCC yako, kompaili programu kwa `-static-libstdc++ -static-libgcc`. Hapo libstdc++ inaingia ndani ya programu, glibc inabaki ya mfumo. Ukiona undefined reference ya clock_gettime, ongeza `-lrt`. Funksheni hiyo ilihamia ndani ya libc katika glibc 2.17, na wewe uko chini ya hapo. Kama kijana ameita getrandom moja kwa moja, glibc 2.12 haina, ilikuja katika 2.25, na itabidi asome /dev/urandom.

Jambo moja zaidi lina uzito kwako, kwa sababu ya ile kadi. Je, waliokuuzia walikupa maktaba pamoja na draiva, faili linaloishia .so? Kama ni ya C, endelea bila wasiwasi. Kama ni ya C++, ilikompailiwa kabla ya GCC 5 ya mwaka 2015, toleo lililobadilisha umbo la std::string kwenye kumbukumbu. Programu yako mpya itaitafuta funksheni yenye jina lililo na `__cxx11` ndani yake, maktaba ya zamani haina jina hilo, na linka itagoma. Kompaili kila kitu chako kwa `-D_GLIBCXX_USE_CXX11_ABI=0` na mtaelewana. Devtoolset inafanya hivyo yenyewe. GCC uliyoijenga kwa mkono haifanyi mpaka uiambie.

Pa kujengea pasikusumbue. Unaweza kutumia kontena la CentOS 6, yaani mafaili ya mfumo huo yaliyotengwa peke yake, kwenye laptop yako, na ni raha, kwa kuwa glibc 2.12 iko pale na seva inapumzika. Kwenye baadhi ya mifumo mipya ya Linux, bash ya ndani ya kontena hilo hufa mara moja kwa namba 139; hapo anzisha keneli ya laptop ikiwa na `vsyscall=emulate`. Lakini kumbuka kontena linatumia keneli ya laptop. Programu inayoomba kitu ambacho 2.6.32 haina itapita vizuri kwenye kontena na kuanguka kiwandani. Kwa majaribio tumia mashine pepe, yaani kompyuta nzima iliyoigizwa ndani ya laptop, yenye CentOS 6 na keneli yake.

Kutunza ndiko kunakowashinda watu kuliko kujenga. Niliwahi kuitwa mahali ambapo mtu mmoja alikuwa amejenga GCC nzuri sana kwenye mashine moja, akaondoka kazini, na diski ikafa. Hakuna aliyejua alitumia chaguo gani wala viraka gani, na tulikaa wiki nzima tukikisia. Kwa hiyo hifadhi mafaili yote ya msimbo uliyotumia pamoja na hesabu zake za sha256, amri zote kwenye faili moja linaloweza kuendeshwa tena tangu mwanzo, na kila kiraka kikiwa na sentensi inayosema kwa nini kipo. GCC 4.4.7 usiifute kamwe, ndiyo ngazi ya chini. GCC hutoa toleo kuu moja kila mwaka, na huna sababu ya kuyafukuzia yote. Chagua moja, kaa nalo hadi kazi yenyewe ikulazimishe.

Kama kiwandani mna mipango ya lugha nyingine, mlango huko umeshafungwa. Rust ilipandisha mahitaji yake hadi keneli 3.2 na glibc 2.17 katika toleo 1.64, mwaka 2022. Go 1.24 nayo inataka keneli 3.2, ya mwisho kwako ni 1.23.

Sasa nikuambie ambacho ningefanya ningekuwa wewe, maana hukuuliza lakini nadhani unakihitaji. Kinachofungwa na keneli ya zamani ni kusoma kadi, basi. Kupokea mzigo, kuchapa risiti, kuhifadhi rekodi, hakuna kinachohitaji 2.6.32. Ningeandika programu ndogo ya C, yenye kurasa mbili tatu, inayosoma uzito kwenye kadi na kuutuma kwa waya wa mtandao, nikaikompaili kwa GCC 4.4.7 iliyopo tayari. Programu kubwa ya kijana ningeiweka kwenye kompyuta mpya iliyo kando, na pale aandike C++17 au C++23 atakavyo. Inaongeza mashine moja na waya mmoja, na siku mtandao ukikatika mizani itasubiri. Hiyo ni gharama halisi, ipime. Lakini kuna faida ambayo kompaila haiwezi kukupa. CentOS 6 haijapata kiraka cha usalama tangu 2020, na GCC mpya haizibi mwanya hata mmoja wa keneli. Ukigawa kazi hivi, seva ya zamani unaiondoa kwenye mtandao mkuu, inaongea na kompyuta moja tu.

Kama hilo haliwezekani mwaka huu, anza na devtoolset. Kujenga GCC kwa mkono kuwe chaguo la mwisho.

Kuna mambo ambayo usiyafanye kwa maelekezo yangu ya mbali. Ikiwa baada ya usiku ule mtu alilazimisha glibc kwa `rpm --force`, au diski inatoa mlio, au hamna nakala kamili ya diski hiyo, simamisha kila kitu na mlete fundi wa Linux akae mbele ya mashine. Nakala ya diski nzima itangulie, kwa sababu draiva ile ikipotea hakuna wa kuirudisha. Na kama uzito unaosomwa pale ndio unaolipia wakulima au wenye mzigo, zungumza na wakaguzi wa vipimo kabla ya kubadilisha programu inayousoma, kisha mpime lori lilelile kwa programu ya zamani na ya mpya mbele yao.

Ukikwama njiani niandikie, na uniletee matokeo ya `uname -r`, `ldd --version` na ile objdump ya juu, pamoja na ujumbe wa kosa kama ulivyotokea, bila kuufupisha.